Mafuta ya Damu ya Mama na Uzito wa Mtoto: Mhadhara kwa Watu wa Bungulu

 Watu wa Bungulu, hapa Beni, nazungumza nanyi Kiswahili. Mambo ya leo kwa kawaida waganga huyazungumza wao kwa wao kwa Kifaransa, huku mama mwenye mimba, ambaye damu yake ndiyo inayojadiliwa, ameketi nje kwenye benchi akingoja kuitwa.

Kusudi langu ni hili. Tunapozungumza juu ya kisukari cha mimba, yaani sukari inayopanda katika damu ya mwanamke akiwa na mimba, tumezoea kuitazama sukari peke yake. Nataka kuwaonyesha kwamba sukari ina mwenzake, nayo ni mafuta yanayotembea katika damu ya mama. Na kwamba uzito ambao mtoto anazaliwa nao hauelezeki vizuri ukimwacha mmoja wa hao wawili. Kisha nitasema lipi linawezekana hapa Beni na kule Butembo, ambako si kila kituo cha afya kina uwezo wa kupima mafuta ya damu. Nina hoja tano. Ya pili ni ndefu, mnivumilie.

Hoja ya kwanza: mtoto mkubwa si lazima awe mtoto mwenye afya.

Mtoto akizaliwa na kilo 4 na nusu, ukoo mzima unashangilia. Watu wanamsifu mama kwamba alikula vizuri, na baba anatembea ameinua kichwa. Siwezi kuilaumu furaha hiyo. Katika mji ambao umewazika watoto wengi namna hii, mtoto mnene ni neema machoni pa kila mtu. Lakini mkunga aliyempokea mtoto yule anajua dakika zile zilipita vipi. Mtoto aliyenona kwa sababu ya kisukari cha mama hanoni sawasawa mwili mzima. Mafuta yanajaa mabegani na tumboni kuliko kichwani. Kichwa kinatoka, kila mtu anashusha pumzi, halafu bega linakwama nyuma ya mfupa wa kinena. Hapo ndipo mishipa ya fahamu ya shingo inapovutwa hadi kukatika, na mtoto anabaki na mkono usioinuka. Mama anachanika, anavuja damu nyingi, au uchungu unakawia masaa mengi mpaka nyama laini kati ya kibofu na njia ya uzazi inakufa, na fistula inaanza. Hospitali ya Panzi kule Bukavu na HEAL Africa kule Goma zimewatibu wanawake wengi wa mashariki wenye fistula. Tunazungumza sana juu ya zile zilizoletwa na ukatili wa vita, na ni haki tuzizungumze. Lakini nyingi zinatokana na uchungu uliochelewa na mtoto asiyeweza kupita.

Yapo pia ya baada ya kuzaliwa. Mwaka 1952 mganga wa Copenhagen, Jørgen Pedersen, alieleza jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa somo hili. Sukari ya mama inavuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto linalazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi ili kuipokea sukari ile yote. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama inakoma mara moja, lakini insulini ya mtoto bado ipo nyingi. Sukari yake inaanguka. Anatetemeka, analegea, anakataa ziwa, anaweza kupata degedege. Ndugu wanaona mtoto mnene amelala usingizi mzito, wanasema mwacheni apumzike. Mamama, mtoto mnene aliyezaliwa leo na ambaye haamki kunyonya asiachwe apumzike. Apewe ziwa ndani ya saa yake ya kwanza, na sukari yake ipimwe.

Uhusiano huu wa sukari na uzito ulipimwa kwa upana katika utafiti unaoitwa HAPO, uliochapishwa mwaka 2008, kwa wanawake 25,505 wa nchi 9. Hawa hawakuwa wagonjwa. Wale ambao sukari yao ilikuwa juu mno waliondolewa. Kati ya wenye sukari ya asubuhi iliyo chini kabisa, watoto wakubwa kupita kiasi walikuwa asilimia 5.3. Kati ya waliokuwa kundi la juu kabisa walifika asilimia 26.3. Na katikati hapakuonekana mahali ambapo hatari inaanza ghafla. Ilipanda hatua kwa hatua. Kutokana na kazi hiyo vilipatikana viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivikubali mwaka 2013: miligramu 92 kwa desilita kabla ya kula, 180 saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukozi, na 153 baada ya saa mbili. Kufikia kiwango kimoja tu kunatosha kumtambua mwenye kisukari cha mimba. Naomba mkumbuke pia kwamba kati ya vituo 15 vya utafiti ule hapakuwa na hata kimoja cha Afrika. Nitalirudia hilo mbele.

Hoja ya pili: sukari haifanyi kazi peke yake.

Pedersen alikuwa sahihi, lakini wakunga waangalifu wamekwisha kuona jambo linalosumbua. Mama anafuata mashauri yote, sukari yake inashuka ikawa nzuri, na bado anazaa mtoto mnene. Mwaka 1980 Mmarekani Norbert Freinkel, katika mhadhara mkubwa mbele ya wataalamu wa kisukari wa nchi yake, alisema kwamba mtoto tumboni halishwi sukari tu. Analelewa na mchanganyiko wote unaopita katika damu ya mama: sukari, chembe za protini, na mafuta. Insulini ya mama ikishindwa kazi, vyote hivyo vinabadilika pamoja.

Tuyafuate mafuta yenyewe, hatua kwa hatua. Katika nusu ya kwanza ya mimba mwili wa mama unaweka akiba. Ndiyo maana mapaja na nyonga vinanenepa hata kabla tumbo halijaonekana. Katika nusu ya pili mambo yanageuka. Homoni za kondo zinaifanya insulini isisikilizwe vizuri na mwili wa mama. Kazi mojawapo ya insulini ni kuyazuia mafuta ya akiba yasitoke ovyo. Ikishasikilizwa nusunusu, mafuta yanatoka na kuingia katika damu. Ini nalo, likisukumwa na homoni ya estrojeni, linayafunga mafuta hayo katika vifurushi na kuyarudisha kwenye damu kwa jina la trigliseridi. Hayo yote ni kazi ya kawaida ya mimba, si ugonjwa. Mama anaanza kutumia mafuta kwa nguvu zake mwenyewe ili sukari imwendee mtoto. Kufikia miezi mitatu ya mwisho, trigliseridi za mwanamke mzima kabisa zinakuwa mara 2 hadi 4 ya zilivyokuwa kabla ya mimba, na kolesteroli inapanda kwa robo hadi nusu.

Kwa mwenye kisukari cha mimba, kizuizi kile cha insulini kimelegea zaidi. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba trigliseridi zake ziko juu kuliko za wenzake katika vipindi vyote vitatu vya mimba, tena tangu kipindi cha kwanza, kabla hajapimwa sukari. Kolesteroli ya jumla haikuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo anayekimbilia kupima kolesteroli peke yake kwa mama mwenye mimba anapoteza fedha ya mama.

Wanafunzi wa maabara mlio hapa mnalijua jambo hili kwa macho. Damu ikivutwa, ikaachwa itulie, sehemu ya juu hubaki maji ya njano yanayong'aa. Kwa mama mwenye trigliseridi nyingi sana maji yale yanakuwa na ukungu mweupe, kama maziwa yaliyochanganywa na maji, hata huoni kidole chako upande wa pili wa tyubu. Mara nyingi mtu wa maabara huandika tu kwamba sampuli ni mbaya, mama atoe nyingine. Naomba msiishie hapo. Ukungu ule ni habari. Uandikeni kwenye fishi ya mama na mwiteni mganga. Trigliseridi zikipita miligramu 1000 kwa desilita, zinaweza kulichoma kongosho la mama, na hiyo ni dharura.

Sasa, mafuta yanamfikiaje mtoto? Trigliseridi nzima haipiti kondo. Ni kubwa mno. Lakini kondo lina vimeng'enya vinavyoikata vipande, na vipande hivyo, yaani asidi za mafuta, vinavushwa kwenda kwa mtoto. Vikifika vinakutana na nini? Vinakutana na insulini ile nyingi ambayo sukari ya mama imemlazimisha mtoto kuitengeneza. Na insulini ndiyo homoni ya kuweka akiba. Sukari inaamuru mtoto aweke, mafuta yanampa cha kuweka. Wapendwa, mkitoka hapa na sentensi moja, tokeni na hiyo.

Watafiti wa Berlin, wakiongozwa na Ute Schaefer-Graf, waliandika mwaka 2008 juu ya wanawake wenye kisukari cha mimba ambao sukari yao ilikuwa imedhibitiwa vizuri. Ndani ya kundi hilo, trigliseridi na asidi za mafuta za mama ndizo zilizofuatana na unene wa mtoto kuliko sukari yenyewe. Sasa tunamwelewa yule mama aliyefuata mashauri yote na bado akazaa mtoto mnene. Hakudanganya. Hakula kwa siri usiku. Tumewalaumu wanawake wengi kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelipima.

Hoja ya tatu: mafuta ya damu si mafuta ya sufuria.

Nalitaja hili kwa sababu najua kesho sokoni habari itakuwa kwamba mganga amekataza mawese. Sikuyakataza. Mafuta mengi ya damu ambayo nimeyaeleza yanatoka katika akiba ya mwili na katika ini la mama. Ini nalo linayatengeneza kwa urahisi kutokana na wanga na sukari iliyozidi: fufu ya mihogo sahani kubwa yenye mboga kidogo, chai yenye sukari vijiko vinne, soda, mandazi ya asubuhi bila kitu kingine. Mawese ni kweli yana mafuta mazito karibu nusu yake, na kukaangia vyakula kila siku katika mafuta mengi hakumfai mwenye kisukari. Lakini mawese mekundu yasiyochomwa mpaka yakawa meupe yanabeba rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na wako mamama hapa wenye mimba ambao wakati wa jioni hawaoni vizuri. Kumnyima mama huyo kijiko cha mawese kwenye sombe yake ni kumdhuru.

Mashauri ya nchi tajiri, ya kuogopa kila tone la mafuta, tusiyabebe yalivyo na kumtwika mama wa Bungulu anayekula mara moja kwa siku. Kwa mwenye kisukari cha mimba nasema hivi: fufu ipunguzwe nusu, maharagi yaongezwe, sombe na lengalenga vijae sahani, ndagala wapatikane hata kidogo, karanga na parachichi vikae mezani, Butembo ina parachichi nyingi. Chakula kigawanywe mara ndogondogo. Atembee baada ya kula, kama njia ni salama. Kasiksi, pombe ile ya ndizi, aiache kabisa. Na dawa za kushusha mafuta, zile wanazopewa wazee wenye ugonjwa wa moyo, asizitumie kwa kujinunulia famasini.

Je, matibabu yanafaa? Katika utafiti wa Australia wa mwaka 2005, wenye wanawake 1000, waliotibiwa kisukari cha mimba kwa chakula, kupima sukari, na insulini ilipohitajika, walizaa watoto wa kilo 4 na zaidi asilimia 10, wakati wenzao wasiotibiwa walikuwa asilimia 21. Madhara makubwa kwa watoto yalishuka kutoka asilimia 4 hadi 1.

Hoja ya nne: hapa kwetu mizani inavutwa pande mbili.

Tangu mauaji ya raia yalipoanza hapa Beni Oktoba 2014, mji huu umepokea wakimbizi kutoka vijiji vyote vinavyouzunguka. Mwanamke anakimbia na mimba, analala kwa jamaa watu kumi chumba kimoja, analima shamba la mtu mwingine au halimi kabisa. Juu ya hayo ipo malaria, ambayo hapa Beni inatusumbua kuliko Butembo iliyo juu zaidi na yenye baridi. Vijidudu vya malaria vinajificha katika kondo, hasa la mimba ya kwanza, na kulizuia lisimlishe mtoto. Njaa na malaria vinavuta uzito wa mtoto chini. Sukari na mafuta vinauvuta juu. Mtoto mmoja anaweza kuvutwa na vyote. Anazaliwa na kilo 3 na gramu 200, mkunga anaandika kwamba ni wa kawaida, na kumbe kile alichopungukiwa katika nyama na urefu kimefidiwa kwa mafuta. Kwa hiyo uzito wa kawaida usitufanye tuache kumwuliza mama juu ya sukari.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Uholanzi ilipata njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, kwa sababu ya vita. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walifuatwa mpaka utu uzima, na iligundulika kwamba miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri. Mabinti waliozaliwa Beni, Oicha na Eringeti katika miaka ya mwanzo ya mauaji watafika umri wa kuzaa hivi karibuni. Huenda wengi walizaliwa wadogo. Ikiwa watahamia maisha ya mjini, ya chai tamu na mandazi na kukaa, tuwatazamie kisukari cha mimba kwao kuliko kwa mama zao. Tanzania imekwisha kuliona la mji: Akwilina Mwanri na wenzake, mwaka 2014, waliandika kwamba kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 8.4 kwa wanawake wa mjini na asilimia 1 kwa wa kijijini. Na mwanamke aliyepata kisukari cha mimba, hata kikiondoka baada ya kuzaa, anabaki na hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake. Arudi apimwe kati ya juma la 6 na la 12 baada ya kuzaa, na amnyonyeshe mtoto. Kunyonyesha kunamsaidia yeye pia.

Hoja ya tano: tunavyo vya kuanzia.

Uchunguzi wa hesabu za afya wa mwaka 2013 hadi 2014 ulionyesha kwamba katika Kongo asilimia 88 ya wanawake wenye mimba walifika CPN, yaani kliniki ya wenye mimba, angalau mara moja, lakini waliofika mara 4 walikuwa asilimia 48. Mama anafika. Tatizo ni kwamba anafika na kurudi bila kupimwa sukari, kwa sababu kila mtu anaangalia upungufu wa damu, shinikizo na malaria. Kipimo cha kidole cha asubuhi kabla ya kula kinahitaji glukometa na kipande kimoja cha karatasi yake. Kifanywe kwa kila mama kati ya juma la 24 na la 28, na katika CPN ya kwanza kwa yule aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4, aliyepoteza mtoto bila sababu kujulikana, aliye mnene, au mwenye ndugu wa kisukari. Si kipimo kamili. Glukozi ya gramu 75 inashinda. Lakini kitawapata wengi ambao leo hawapatikani.

La pili ni mizani. Fungueni daftari la materniti yoyote mtaona 3000, 3500, 3000, 4000, 3500. Watoto hawazaliwi kwa kilo kamili na nusu kilo. Mkunga amechoka, taa ni ya simu, mtoto amevingirishwa kitenge, anaandika namba iliyo karibu. Mtoto na awekwe uchi, mizani ikiwa kwenye sifuri, ndani ya saa ya kwanza baada ya kunyonya, na gramu ziandikwe jinsi zilivyo. Urefu wake upimwe vilevile. Bila hivyo, hata tukipewa maabara bora duniani, hatutajua mafuta ya mama yalimfanya nini mtoto.

La tatu ni trigliseridi. Zipimwe mahali ambapo maabara inaweza, kwa akina mama waliokwisha kujulikana kuwa na kisukari cha mimba. Hakuna bado kiwango kilichokubaliwa duniani cha kusema hapa ni hatari kwa mtoto, na sitawatungia. Kumbukeni vituo vya HAPO, ambavyo hapakuwa na hata kimoja cha Afrika: kiwango kwa wanawake wetu kitatokana na damu ya wanawake wetu.

Najua wengine wanasema moyoni kwamba utafiti ni wa watu wa mbali. Mnakumbuka Ebola ilipotangazwa hapa tarehe 1 Agosti 2018. Kabla haijaisha Juni 2020 ilikuwa imechukua watu 2,287. Katikati ya hofu ile, Novemba 2018, ulianza utafiti wa Pamoja Tulinde Maisha, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 walihesabiwa ndani yake, na dunia ikajua dawa mbili zinazookoa watu wa Ebola. Wauguzi waliovuta damu ile ni wa hapa. Baadhi yao wameketi mbele yangu jioni hii. Waliofanya lile wakiwa wamevaa mavazi ya plastiki, huku mawe yakirushwa na risasi zikilia, wanaweza kumfuata mama mwenye mimba kutoka CPN mpaka kujifungua.

Pendekezo langu basi ni hili. Materniti za Bungulu na za komini nyingine za mji, pamoja na zile za Butembo zitakazokubali, zitumie daftari moja lenye safu zilezile: sukari ya asubuhi, malaria, uzito wa mama, mahali alipotoka, uzito na urefu wa mtoto, na trigliseridi pale zinapopatikana. Kitivo cha uganga cha Chuo Kikuu cha Graben kina walimu na wanafunzi wanaotafuta mada za kuandika. Mada hii iwe yao, na majibu yake yarudishwe kwa mamama hawa kwa Kiswahili na Kinande kabla hayajatumwa kwingine. Nakala za daftari ziko kwenye meza karibu na mlango. Wakunga wakuu wa materniti, naomba msitoke bila kuchukua moja, mwiangalie, na mturudishie kabla ya mwisho wa mwezi mkiwa mmekata safu ambazo kwenu hazijaziki saa nane za usiku. Tutakayoanza nayo ni ile mtakayokuwa mmeikata ninyi.